Mbolea ya bustani za Ngagara: kabla ya kununua mfuko, ujue udongo wako

Katika kartie nyingi za Ngagara, hasa zile za zamani ambazo bado zinaitwa OCAF, nyumba zilijengwa na ua mdogo nyuma. Kwa miaka mingi ua huo ulikuwa wa kuanikia nguo na kuweka jiko la makaa. Sasa familia nyingi, wenyeji na wakimbizi, zinautazama kwa jicho lingine: hapa panaweza kuota lengalenga, bilinganya, nyanya na vitunguu vya majani.

Sababu zinajulikana. Februari 2025 makumi ya maelfu ya watu walivuka kutoka Kivu Kusini kuingia Burundi. Desemba mwaka huohuo vita vilipofika Uvira, wengine wengi wakafuata. Kambini, kuanzia Machi 2025, PAM ilipunguza mgao wa chakula hadi nusu kwa sababu ya uhaba wa fedha. Mkimbizi anayeishi mjini kwa kawaida hapati mgao wa kambini, hivyo hutegemea kazi za mikono, biashara ndogo na ndugu. Mwenyeji naye anabeba mzigo wake: mafuta ya gari yamekuwa adimu kwa miaka kadhaa, na mboga inayotoka milimani hufika sokoni ikiwa na gharama ya safari juu yake.

Kwa hiyo swali linarudi kila msimu: nina mita chache za udongo na faranga kidogo, ninunue mbolea gani?

Jibu letu huenda lisiwafurahishe wauzaji. Kwa ua nyingi za Ngagara, faranga ya kwanza iende kwenye samadi, jasho la kwanza liende kwenye mboji, na mbolea ya kiwandani ije mwisho, tena kwa kipimo cha kizibo cha soda. Tunaeleza hapa chini kwa nini, na mahali ambapo watu hupoteza pesa.

Mpango wa taifa ulitengenezewa mlima

Burundi ina mpango wa ruzuku ya mbolea, PNSEB, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mkulima hujiandikisha, hulipa sehemu ya bei mapema, kisha humalizia na kuchukua mbolea msimu unapokaribia. Tangu 2019 mbolea inayojulikana zaidi katika mpango huo ni ya FOMI, kiwanda kinachochanganya mabaki ya viumbe na madini. Majina yake wengi wanayajua: Imbura ya wakati wa kupanda, kisha Totahaza na Bagara za kuongeza mmea ukiwa umeshaota.

Mpango huu ni muhimu kwa nchi, lakini uliundwa kwa ajili ya mkulima wa mlimani mwenye shamba la mahindi, maharagwe, viazi au mpunga. Mtu wa Ngagara mwenye kitanda cha mita 2 kwa 5 hana sababu ya kufunga pesa yake miezi kadhaa akisubiri mfuko. Katika misimu iliyopita wakulima wengi wamesikika wakilalamika kwamba walilipa mapema na mbolea ikachelewa. Mwenye shamba kubwa anaweza kuvumilia hatari hiyo. Anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi hawezi.

Tufanye hesabu. Tuseme umeamua kuongeza urea, mbolea yenye asilimia 46 ya naitrojeni, kwenye kitanda cha mita za mraba 10. Gramu 10 kwa kila mita ya mraba zinatosha kwa mara moja, yaani gramu 100 kwa kitanda kizima. Mfuko wa kilo 25 ungetosha vitanda 250 vya ukubwa huo. Ukiununua peke yako, sehemu kubwa itapata unyevunyevu na kuganda nyumbani, au utashawishika kuitia nyingi kupita kiasi na kuunguza mimea.

Udongo wa hapa si udongo wa Mugamba

Kosa la pili linalokula pesa ni kufuata ushauri uliotolewa kwa udongo mwingine. Katika milima ya Mugamba na sehemu nyingi za nyanda za juu, udongo una asidi kali. Huko chokaa ya kilimo, ambayo wengi huiita dolomi, inasaidia kweli, kwa sababu inapunguza asidi na kuuwezesha mmea kupata chakula kilichofungwa udongoni. Ndiyo maana dolomi nayo imewekewa ruzuku.

Ngagara iko chini, kwenye uwanda wa Imbo. Udongo wa uwanda huu uliletwa na mito. Mara nyingi una mchanga, kwa kawaida hauna asidi kali, na katika sehemu fulani za uwanda una chumvi. Katika ua za mjini kuna jambo la ziada: chini ya udongo mna vipande vya matofali, saruji iliyomwagika wakati wa ujenzi, na wakati mwingine takataka za zamani. Saruji nayo ni jamii ya chokaa. Ukiongeza dolomi hapo bila kupima, unaweza kuwa unalipia tatizo jipya.

Kupima kidogo hakuhitaji maabara. Fanya haya kabla ya kutumia hata faranga moja:

- Chukua chupa ya maji iliyo tupu. Jaza theluthi moja udongo, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, uiache mpaka kesho yake. Mchanga hukaa chini kabisa, udongo laini juu yake. Mchanga ukiwa mwingi sana, udongo wako hauwezi kushika maji wala mbolea.
- Minya udongo wenye unyevu kiganjani. Ukisambaratika mara moja, unahitaji mboji. Ukibaki donge gumu la kunata, nao unahitaji mboji, safari hii ili hewa ipite.
- Angalia juu ya ardhi siku kadhaa baada ya kumwagilia. Ukiona utando mweupe, shuku chumvi.
- Chimba kwa jembe mara moja na uhesabu nyungunyungu. Usipoona hata mmoja wakati wa mvua, udongo una njaa ya majani yaliyooza.

Utaona kwamba matokeo mengi yanaelekea dawa moja, na dawa hiyo ni mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza vizuri. Urea iliyotiwa kwenye mchanga mtupu huyeyuka na kushuka chini na mvua ya kwanza kubwa. Pesa yako inakwenda na maji. Mboji ndiyo inayoishika hapo mizizi ilipo.

Kimoja kimoja: kipi kinafaa na kipi kina hatari

*Samadi ya kuku.* Ndiyo yenye nguvu kuliko samadi nyingine za kawaida. Lakini ikiwa mbichi inaunguza mizizi, ina chumvi, na inaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Usiitie mbichi kwenye mboga ya majani. Ichanganye na majani makavu au maranda ya mbao, iloweshe kidogo, iache ioze kwa miezi 2 au 3. Baada ya hapo nusu kilo kwa mita moja ya mraba inatosha.

*Samadi ya ng'ombe na mbuzi.* Ni dhaifu kidogo kuliko ya kuku lakini inajenga udongo vizuri zaidi. Iliyooza haina harufu kali na huwezi tena kutambua majani ndani yake. Ukinunua kwa gunia, fungua uone kwanza: kuna magunia ambayo nusu yake ni mchanga.

*Samadi ya sungura na dende.* Familia nyingi zilizotoka Kivu zinajua kufuga dende jikoni. Samadi yao haiunguzi kama ya kuku, inakuja kidogokidogo kila siku, na mnyama mwenyewe anakula majani ya bustani. Kwa nyumba yenye nafasi ndogo, huu ni mzunguko mzuri. Hata hivyo, kwa mboga inayoliwa mbichi, ioze kwanza.

*Mboji ya jikoni.* Maganda ya ndizi na viazi, majani ya maharagwe, mabaki ya matembele na sombe, yote yanafaa. Nyama, samaki na mafuta viache, kwa sababu vinaita panya. Panga tabaka la kijani, kisha tabaka kavu kama majani ya miti au nyasi. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Geuza kila wiki au mbili. Kwa joto la Bujumbura, miezi 2 hadi 3 inatosha. Ikinuka vibaya, imelowa sana au imekosa majani makavu. Yaongeze, na jirani hatakuwa na la kusema.

Tatizo ni kwamba jiko la familia moja halitoshi. Maganda yakishaoza hubaki chini ya nusu. Kitanda cha mita 10 kinataka ndoo 2 au 3 kubwa za mboji iliyoiva. Ndiyo maana tutarudi kwenye soko hapo chini.

*Alizeti mwitu.* Mmea huu wa maua ya manjano, ambao wataalamu huuita tithonia, huota kando ya barabara na mifereji. Majani yake yana naitrojeni nyingi na hayagharimu kitu. Kata matawi laini kabla hayajatoa mbegu, yakatekate, yafukie udongoni wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Usilete mbegu wala vipande vya shina nyumbani, maana huota haraka na kusumbua.

*Majivu ya makaa.* Kila nyumba inayo, na wengi huyamwaga bustanini kila asubuhi. Hapo pana kosa. Majivu yana potasiamu na kalsiamu lakini hayana naitrojeni, na yanafanya kazi kama chokaa. Konzi moja kwa mita ya mraba kwa msimu inatosha. Penye utando mweupe, usitie kabisa. Usiyachanganye na urea wala samadi mbichi, maana naitrojeni itapaa hewani na utaisikia kwa pua. Jiko likiwashwa kwa plastiki, majivu yake yaende kwenye taka.

*Mkojo.* Wengine watacheka, lakini ni mbolea halisi ya naitrojeni, na watafiti wa kilimo wameipima kwa miaka mingi. Huchanganywa na maji, sehemu 1 kwa sehemu 5 au zaidi, na humwagwa chini kwenye udongo, si juu ya majani. Shirika la Afya Duniani linashauri upite angalau mwezi mmoja kati ya kumwaga na kuvuna. Kwa sababu hiyo haufai lengalenga inayovunwa baada ya wiki 3 au 4. Unafaa bilinganya au nyanya zikiwa changa. Penye chumvi, uache.

*Udongo wa jalalani na matope ya mitaro.* Ni mweusi na unavutia, na ni bure. Usiutumie kwa mboga. Jalala la jiji, kama la Buterere, hupokea kila kitu pamoja: betri, vioo, rangi, dawa zilizoisha muda. Madini mazito hayaozi, na mboga ya majani huyavuta. Ni bora mboga kidogo kutoka udongo maskini kuliko mboga nyingi kutoka udongo wenye sumu.

*Mbolea ya kiwandani.* Hatuipingi. Mahali palipo na mboji, kidogo chake hufanya kazi kubwa. Kizibo kimoja cha soda kilichojaa sawasawa hubeba karibu gramu 5 za urea, hivyo vizibo 2 kwa mita ya mraba vinatosha. Tia wiki 2 au 3 baada ya mimea kuota, mbali kidogo na shina, kisha funika kwa udongo na mwagilia. Majirani 5 wakinunua pamoja nusu kilo, kila mmoja anapata gramu 100, yaani kitanda chake kizima. Mnaponunua kwa rejareja, ombeni kuona mfuko wenyewe ili mjue jina la mbolea, na msinunue iliyoganda au isiyojulikana ni nini.

Swali ambalo vitabu vya kilimo haviulizi: udongo ni wa nani?

Ushauri mwingi wa kilimo unamwambia mtu awekeze leo apate faida baada ya miaka 3. Mwenye parseli anaweza kufanya hivyo. Mpangaji, na wakimbizi wengi wa mjini ni wapangaji, hajui kama atakuwa hapo Krismasi. Akijaza ua mboji kwa miaka 2 kisha kodi ikapanda, ameacha utajiri wake chini ya miguu ya mtu mwingine. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwenye urea, ambayo angalau huonekana wiki ileile. Hilo si kosa la akili. Ni hesabu ya mtu asiye na uhakika.

Kuna njia tatu za kupunguza hatari hiyo. Ya kwanza ni kuchagua vitu vinavyolipa msimu huohuo: samadi iliyooza, alizeti mwitu, na kunde, ambayo majani yake ni mboga na mizizi yake inaacha naitrojeni udongoni. Ya pili ni kupanda kwenye vyombo: mabeseni yaliyotoboka, bido zilizokatwa, na magunia yaliyojazwa nusu. Gunia kubwa lililojaa udongo halibebeki, hata kwa watu wawili, kwa hiyo tumia mengi madogo. Changanya sehemu 2 za udongo na sehemu 1 ya mboji. Siku ya kuhama, udongo wako unapanda mkokoteni pamoja na masufuria.

Njia ya tatu ni kuzungumza. Mwenye nyumba ambaye ua wake umekuwa na rutuba amepata kitu cha thamani. Ni haki kukubaliana mapema, mbele ya shahidi, kwamba mpangaji anayelima atavuna kilichopo kabla ya kuondoka, au kwamba mboga zitagawanywa. Maelewano ya namna hii hayahitaji pesa, na yanazuia ugomvi mwingi kati ya wenyeji na wakimbizi, ugomvi ambao mara nyingi huanzia kwenye kitu kidogo kama mche wa nyanya.

Mbolea inayosafirishwa kwenda jalalani

Soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara wengi walitawanyika kwenye masoko ya pembeni, na soko la Ngagara II, ambalo watu huliita COTEBU, likachukua sehemu ya mzigo huo. Kila jioni masoko kama hili hubaki na majani ya shu, maganda, ndizi zilizooza na nyanya zilizopasuka. Vitu hivi vikichanganywa na plastiki vinakuwa uchafu wa kusafirishwa hadi jalalani. Gari la taka likikosa mafuta, vinabaki hapohapo na nzi wake. Vikitengwa asubuhi, ni chakula cha bustani zilizo umbali wa dakika 10 kwa miguu.

Kutenga huko hakuhitaji mradi mkubwa. Kunahitaji ndoo mbili kwenye meza ya muuzaji, moja ya mabaki ya mimea na nyingine ya vilivyobaki, na mtu anayepita kila siku kwa saa ileile. "Mama, tunaomba maganda na majani unayotupa, tutakuletea ndoo safi kesho," linatosha kama mwanzo, mradi ndoo irudi kweli. Kikundi cha familia 6 au 7 kikichukua ndoo 4 kwa siku kitakuwa na mboji kwa vitanda vyake vyote kabla ya msimu kwisha.

Wanaogawa mbegu kwa wakimbizi na kwa familia maskini za wenyeji wana somo hapa pia. Pakiti ya mbegu bila rutuba ni ahadi nusu. Gharama ya ndoo, koleo la kugeuzia mboji, na mafunzo ya siku moja ya kupima udongo ni ndogo, na faida yake hubaki hata mbegu zikiisha. Nao viongozi wa kartie wanaweza kusaidia kwa jambo moja: kuonyesha kipande cha ardhi cha pamoja cha kurundika mboji, mbali kidogo na visima na milango ya watu.

Uanze lini

Mvua kubwa hapa huanza kati ya Septemba na Oktoba na kuendelea hadi Mei. Mboji inayoanzishwa Juni itakuwa tayari kwa mvua za kwanza. Ukichelewa, anza na kitanda kimoja tu: pima udongo wiki hii, fukia alizeti mwitu wiki ijayo, tia ndoo moja ya samadi iliyooza, panda lengalenga. Funika ardhi kwa nyasi kavu ili bomba likikauka siku mbili, mimea isife.

Baada ya mwezi utakuwa na mboga ya sufuria ya kwanza. Pia utakuwa umejua kitu ambacho hakuna muuzaji angeweza kukuambia: udongo wako mwenyewe unakosa nini, na kama kweli unahitaji kununua kile kizibo cha urea.